ROBERT WANGILA: BONDIA ALIYETULETEA DHAHABU

 Mwaka huu nimepewa jukumu la kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Wengi wenu mlitarajia nichague mwanasiasa ama mshairi. Mimi nimemchagua bondia. Sababu ni kwamba muhula uliopita chama chetu kilijadili hoja kwamba pesa za michezo mingine ndizo zilizowavuta vijana wakaihama ndondi. Upande wa watetezi ulipiga kelele, upande wa wapinzani ukapiga kelele zaidi, kisha kengele ya chakula ikalia na sote tukakimbilia sahani. Naona maisha ya marehemu Robert Napunyi Wangila yanaweza kutupa jibu ambalo sisi hatukulipata siku ile.

Wangila alizaliwa tarehe 3 Septemba 1967 jijini Nairobi. Mtoto wa kizazi kile aliyependa ngumi hakukosa wa kumwiga. Alipokuwa na mwaka mmoja tu, Philip Waruinge alirudi kutoka Olimpiki ya Mexico na nishani ya shaba, pamoja na Kombe la Val Barker ambalo lilikuwa likitolewa kwa bondia aliyepigana kwa ustadi kuliko wote katika michezo hiyo. Mwaka wa 1972 huko Munich, Waruinge alipata fedha, nao Dick Murunga na Samuel Mbugua wakapata shaba. Mwaka wa 1978 Steve Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa mjini Belgrade. Kenya haikushiriki Olimpiki za 1976 na 1980 kwa sababu za kisiasa, lakini iliporudi mwaka wa 1984 kule Los Angeles, Ibrahim Bilali alileta shaba nyingine. Kwa hivyo Wangila alikulia katika nchi ambayo jina la bondia lilijulikana sokoni, kanisani na msikitini, kama vile leo tunavyowajua wakimbiaji wa marathoni.

Hebu tuulize jambo moja hapa, maana ndilo litakalotusaidia mbele. Mabondia hao walikula nini? Ndondi za Olimpiki wakati ule zilikuwa za ridhaa, yaani mtu hakuruhusiwa kulipwa kwa kupigana. Nishani haikununua unga. Jibu ni kwamba wengi wao walikuwa na kazi. Jeshi lilikuwa na timu ya ndondi, polisi walikuwa na yao, magereza vilevile, na hata shirika la reli na kiwanda cha bia. Kijana aliyeonyesha kipaji katika ukumbi wa mtaa alikuwa na tumaini la kuandikwa kazi, kupewa sare na nyumba, kisha mshahara ukaingia mwisho wa mwezi awe ameshinda au ameshindwa. Asubuhi alifanya mazoezi, jioni alikula chakula cha jasho lake.

Sisi tunaotoka Ruiru hatuhitaji kuelezwa sana habari hizi. Chuo cha mafunzo cha askari wa magereza kiko papa hapa kwetu, na majirani zake wamezoea kuwasikia makurutu wakikimbia kwa nyimbo alfajiri. Mzee mmoja katika mtaa wetu, askari jela mstaafu, huwaambia watoto wanaompita kwamba yeye hakuingia kazini kwa barua ya mkubwa yeyote, bali mikono yake miwili ndiyo iliyomfungulia lango. Alipigana katika mashindano ya vikosi, hakufika mbali, wala hakuna gazeti lililomwandika. Lakini ndondi ilimpa kazi, kazi ikamjengea nyumba, na watoto wake wote wamesoma. Msomaji, likumbuke lango hilo, maana tutarudi kwalo.

Tumfuate Wangila sasa. Mwaka wa 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika. Uwanja wa Kasarani, ambao sote tunaupita tukitoka Thika kwenda jijini, ulijengwa kwa ajili ya michezo hiyo. Timu ya ndondi ya Kenya, ile iliyobandikwa jina la Hit Squad, ilizoa dhahabu nyingi kuliko taifa lingine lolote, na watu wakaanza kuamini kwamba mwaka utakaofuata jambo kubwa lingetokea. Kweli, dalili ya mvua ni mawingu.

Olimpiki ya Seoul, Korea Kusini, ilifunguliwa tarehe 17 Septemba 1988. Wangila alikuwa ametimiza miaka 21 wiki mbili tu zilizotangulia. Alipigana katika uzani wa welta, ambao wakati ule mwisho wake ulikuwa kilo 67. Pigano baada ya pigano alisonga mbele hadi akafika fainali, na huko alimkuta Mfaransa Laurent Boudouani. Msidhani Boudouani alikuwa mtu wa kuokotwa njiani. Huyu ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa ndondi za kulipwa, akalishika taji la chama cha WBA katika uzani ulio juu kidogo ya welta kutoka 1996 hadi 1999. Lakini siku ile alikutana na Mkenya. Katika raundi ya pili Wangila alimwangusha sakafuni, na Mfaransa hakuweza kuendelea. Hakukuwa na haja ya kuwangoja majaji waliokaa kando ya ulingo, jambo jema kwelikweli, kwa maana majaji wa Seoul walilaumiwa dunia nzima kwa uamuzi wao katika mapigano mengine, hasa lile alilonyimwa ushindi Mmarekani Roy Jones.

Wangila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutoka bara hili kushinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Mwenzake Chris Sande alipata shaba katika uzani wa kati. Tangu Kenya ianze kushiriki Olimpiki mwaka wa 1956 hadi michezo ya Paris ya 2024, dhahabu zake zote zimetoka katika riadha isipokuwa hiyo moja ya Wangila. Na tangu Seoul, hakuna bondia wa Kenya aliyerudi kutoka Olimpiki na nishani ya aina yoyote, si dhahabu, si fedha, si shaba. Hili ndilo lililotufanya tukagombana siku ile ya mjadala.

Sasa tuwatazame wenzake waliosimama juu ya jukwaa lile lile la Seoul. Kenya ilipata dhahabu 5. Moja ni ya Wangila, nyingine ni za Paul Ereng katika mita 800, Peter Rono katika mita 1,500, Julius Kariuki katika mbio za kuruka viunzi na maji, na John Ngugi katika mita 5,000. Nishani zilikuwa za aina moja na wimbo wa taifa uliopigwa ni ule ule. Lakini njia zilizokuwa mbele ya vijana hawa hazikufanana hata kidogo.

Ereng na Rono walikuwa wanafunzi katika vyuo vikuu vya Marekani, wakisomeshwa kwa sababu ya miguu yao. Sheria za riadha zilikuwa zimelegezwa tangu 1982, mkimbiaji akaruhusiwa kuwekewa pesa zake katika mfuko maalumu bila kupoteza haki ya kwenda Olimpiki. Mbio za marathoni za Boston zilianza kutoa zawadi za pesa mwaka wa 1986, na miaka 2 baadaye, mwaka ule ule wa Seoul, Mkenya Ibrahim Hussein alizishinda. Mwaka wa 1993 mabingwa wa dunia wa riadha walipewa magari ya Mercedes kule Stuttgart. Mwaka wa 1997 kule Athens walianza kupewa pesa taslimu, dola 60,000 kwa kila dhahabu. Mkimbiaji aliweza kula matunda ya mbio zake na bado akaiwakilisha nchi yake kesho yake.

Bondia je? Aliyetaka kulipwa alilazimika kuaga ridhaa. Akishaaga, Olimpiki ilikuwa imemfungia mlango. Waruinge alikwisha pita njia hiyo, akaenda kupigania pesa huko Japani. Wangila naye alifanya vivyo hivyo. Mwaka wa 1989 aliingia ndondi za kulipwa nchini Marekani, na baadaye akafanya Las Vegas kuwa makao yake. Hapa ndipo naomba watetezi wa hoja yetu wanisikilize vizuri. Pesa hazikumvuta Wangila kutoka ndondi. Zilimvuta aingie ndani zaidi! Hakuvua glavu akavaa viatu vya kukimbilia. Alifanya kile ambacho fundi yeyote hufanya, yaani kuupeleka ufundi wake kwenye soko linalonunua.

Lakini soko lile lilikuwa gumu. Katika ridhaa bondia hupigana raundi 3 akiwa na kocha wa taifa, daktari wa timu na bendera kifuani. Katika kulipwa anapigana raundi 8, 10 ama 12, na kati ya pigano moja na jingine hakuna mshahara. Asipopigana, hali. Akishindwa, bei yake inashuka. Wangila alipanda ulingoni mara 27 katika miaka 5, akashinda mara 22. Si kazi ya mtu dhaifu hiyo. Hata hivyo, taji la dunia, ambalo yule Mfaransa aliyemwangusha Seoul alikuja kulivaa, yeye hakulipata.

Tarehe 22 Julai 1994, huko Las Vegas, alipambana na David Gonzalez. Katika raundi ya 9 mwamuzi aliona kwamba Wangila anapokea makonde mengi mno, akalisimamisha pigano. Wangila hakuridhika, alilalamika kwamba angali na nguvu za kuendelea. Alishuka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe, akaenda hadi chumba cha kubadilishia nguo, na huko akazimia. Damu ilikuwa imevuja ndani ya kichwa na kuubana ubongo. Madaktari walimpasua kujaribu kumwokoa, lakini tarehe 24 Julai alifariki. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Hata baada ya kufa hakupumzika upesi. Mwili uliporudishwa nyumbani kulizuka mzozo kati ya mjane wake na jamaa zake, kama azikwe Kiislamu au Kikristo, na jambo hilo likafika mahakamani. Sitalichimba. Nalitaja tu ili tuone kwamba aliyeletea taifa furaha aliacha nyumba yenye majonzi mara mbili. Mungu amlaze pema.

Baada ya kuyajua maisha haya, turudi kwenye hoja yetu. Je, ni kweli kwamba malipo bora ya michezo mingine ndiyo yaliyowahamisha vijana kutoka ndondi?

Nakubali kwamba kuna ukweli. Tazameni mtaa wa Muthurwa, Nairobi, mtaa wa wafanyakazi wa reli uliojulikana kwa ndondi. Ndugu wawili waliokulia huko, McDonald Mariga na Victor Wanyama, walichagua kandanda. Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka wa 2010, naye Wanyama akacheza katika ligi kuu ya Uingereza. Kijana gani wa Muthurwa atakayeona hayo kisha aende kutafuta glavu? Na hapa Thika, kiwanda cha mafuta cha Bidco kilianzisha timu ya kandanda iliyofika ligi kuu ya Kenya. Kiwanda kilichoanzisha timu ya ndondi mjini kwetu mimi sikijui.

Lakini wapinzani wa hoja nao wana lao, na mimi naliona zito zaidi. Kama pesa nyingi za juu ndizo zinazovuta, basi ndondi ingefufuka zamani. Katika mashindano ya dunia ya wanaume ya ndondi za ridhaa yaliyofanyika Belgrade mwaka wa 2021, kila bingwa alipewa dola 100,000. Hizo ni zaidi ya zile dola 60,000 za wakimbiaji kule Athens! Mbona basi hatukuona vijana wa Thika na Ruiru wakijipanga mlangoni pa ukumbi wa ndondi? Ni kwa sababu kati ya kijana wa Makongeni na zile dola za Belgrade hakuna ngazi. Mtoto hawezi kurukia paa, hata liwe la dhahabu. Hupanda kwanza kidato cha chini.

Kidato hicho cha chini ndicho kile kilichomwingiza yule mzee wetu wa Ruiru kazini. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yalianza kupunguza wafanyakazi kwa maelfu. Shirika la posta na simu liligawanywa mwaka wa 1999, na reli ikakodishwa kwa kampuni binafsi mwaka wa 2006. Shirika linalofukuza makarani haliwezi kuajiri mabondia. Vikosi vilibaki na timu zao, lakini nafasi zikawa chache na wanaozitaka wakawa wengi, wakiwemo wakimbiaji na wacheza voliboli. Tena ni mfano wa kustaajabisha kwamba mwaka wa 1994, mwaka ule ule aliofariki Wangila, idara ya magereza ilimwajiri msichana mkimbiaji aitwaye Catherine Ndereba. Alikuja kushinda Boston mara 4 na kuwa bingwa wa dunia wa marathoni mara 2. Watu husema Ndereba alitajirishwa na Boston. Ni sawa, lakini kabla ya Boston alikuwa na mshahara wa askari jela uliomwezesha kufanya mazoezi bila kulala njaa. Wangila alipotaka kuishi kwa mchezo wake, ilimbidi avuke bahari.

Kwa maoni yangu, basi, vijana hawakuihama ndondi kwa tamaa. Waliihama walipoona kwamba njia ya kati imekatika, ile iliyo baina ya ukumbi wa mtaa na jukwaa la Olimpiki. Riadha na kandanda zina ngazi kamili. Unaanza shuleni, unaonekana katika mashindano ya kaunti, unapata nafasi ya chuo au timu, halafu ndipo pesa. Katika shule yetu tuna uwanja wa kandanda, kiwanja cha voliboli na njia ya mbio, lakini hatuna hata mfuko mmoja wa kupigia ngumi. Mwenye kipaji cha ndondi hapa shuleni atajulikanaje?

Nayasema haya nikiwa na yangu moyoni, nisije nikaonekana kama mtu anayesimulia ya mbali. Wakati wa likizo mimi hufanya mazoezi ya ndondi katika ukumbi mmoja hapa Thika. Mfuko wetu umeshonwa kwa gunia na kujazwa matambara, na glavu tunapokezana, huyu akimaliza, mwingine anaingiza mikono ikiwa bado na joto la mwenzake. Mama hapendi. Anajua kwamba mwalimu wa michezo amenitaka katika timu ya mbio za nyika, na anajua pia kisa cha Wangila kuliko mimi, kwa sababu alikuwa msichana mdogo habari ya kifo ilipotangazwa redioni. Hasemi niache kwa sababu ndondi haina pesa. Anauliza swali ambalo sijapata jibu lake: nikivunjwa taya ama nikipata jambo la kichwa, ni nani atakayelipa hospitali, na nikirudi nyumbani nimeshindwa, nitakuwa nani? Mkimbiaji aliyeshindwa hurudi na miguu inayouma, kesho akaenda darasani. Mchezo unaogharimu zaidi ya jasho unapaswa kumhakikishia mchezaji zaidi ya makofi ya watazamaji.

Swali la mama ndilo ningependa wakubwa wa michezo walijibu, kwa maana mama kama yeye wako katika kila nyumba kutoka Githurai hadi Makongeni. Wakihakikishiwa kwamba mtoto atapimwa na daktari kabla na baada ya pigano, kwamba ana bima, na kwamba akifanya vizuri kuna kazi katika kikosi au kampuni hata asipofika Olimpiki, wengi wao watamwachilia. Wasipohakikishiwa, watamwelekeza kwenye mbio, na mimi sitawalaumu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kwa walimu wetu nina ombi dogo. Mfuko wa mazoezi, jozi nne za glavu, kofia za kukinga kichwa na mwalimu mmoja aliyefunzwa kazi hiyo havizidi gharama ya safari moja ya timu ya kandanda kwenda mashindanoni. Wapo wenzetu wa mabweni wanaomaliza hasira zao nyuma ya bafu wakati wa usiku. Afadhali ngumi hizo zifunzwe adabu mchana, chini ya macho ya mwalimu.

Na kwenu, wanachama wenzangu, nawaomba tusimkumbuke Robert Wangila kama mtu aliyekufa ulingoni tu, wala tusimtaje kama bahati iliyotokea mara moja Seoul. Alikuwa kijana wa miaka 21 mwenye ufundi, na nyuma yake palikuwa na nchi iliyokuwa bado inawapa mabondia ngazi ya kupandia. Ufundi wa mikono haujaisha katika vitongoji vyetu. Mimi nitaendelea na mbio za nyika muhula huu kama mama alivyotaka, na likizo ikifika nitauliza tena kama naweza kurudi ukumbini. Jibu lake litategemea mambo ambayo hayako mikononi mwake wala mwangu, na ndiyo maana nimeyaandika hapa ili wanaoyaweza wayasome.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.